Daraja Nyuma ya Nyumba ya Mama Karimi

Bwana asifiwe, watu wa Mungu! Asifiwe tena, hata na ninyi mliojibanza huko nyuma karibu na mlango kwa kuogopa baridi hii ya Timau. Mimi ni Njeru, yule mwalimu mzee wa kuchora. Wengi wenu mmepita mikononi mwangu, na mnakumbuka nilivyowasumbua: "Keti kwanza! Keti mahali pamoja ndipo uchore!" Najua mlinicheka. Leo nataka mjue neno hilo lilitoka wapi, maana Mungu alilitumia kunitoa kwenye mdomo wa simba.

Ndugu zangu, kwetu ni juu Embu, pale mashamba yanapokutana na msitu wa mlima. Wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya mkoloni ilipopigana na wapigania uhuru walioingia msituni, baba alichukuliwa akapelekwa kizuizini, na hatukuambiwa kambi gani. Nyumba yetu ikachomwa. Mimi na mama, pamoja na majirani, tukahamishiwa kijiji kimoja kilichozungushiwa mtaro mrefu uliojaa vijiti vilivyochongwa. Kuingia na kutoka ilikuwa kwa daraja moja tu la mbao, na hapo darajani walisimama mahomugadi, wale Waafrika wenzetu waliolinda vijiji kwa niaba ya serikali, na bunduki zao. Kafyu, ile amri ya kutotoka nje usiku, ikishaingia, hata haja unaibana mpaka kuche.

Katikati ya taabu hiyo nilipata nafasi katika shule ya sekondari ya misheni, upande wa Meru. Mama akasema niende, yeye atabaki peke yake na mbuzi. Kila likizo nilirudi nyumbani na pasi ya kusafiria mfukoni na roho mkononi.

Shuleni kulikuwa na somo la kuchora, na mimi, niwaambie ukweli, nilikuwa mkia wa darasa! Mwalimu wetu aliitwa Kinoti, mtu mpole mwenye kikohozi. Alituambia tuchore ng'ombe amesimama upande, nami nikamchora na macho mawili. Kwani ng'ombe ana macho mangapi? Mwalimu akaitazama karatasi yangu, akakohoa, akaniuliza:

"Njeru, jicho hili la pili umeliona ukiwa wapi?"

"Sijaliona, Mwalimu. Lakini najua liko."

"Liko, ndiyo. Lakini hilo mwachie Mungu. Yeye ndiye anaona pande zote."

Darasa zima likacheka. Nilichukia! Nikaona ananionea. Nikachora nyumbani kwetu, nikaweka kila kitu nilichokijua: mama akiwa ndani ya nyumba, mahindi ndani ya ghala, mbuzi wote ndani ya zizi, kana kwamba kuta hazipo. Mwalimu akapitisha kalamu nyekundu kutoka kona hadi kona.

Likizo ilipofika nikampelekea mama mchoro huo, nikidhani yeye angalau atanisifu. Akaufunika kwa kiganja upesi. "Njeru! Umehesabu mbuzi zangu? Unataka wafe?" Ninyi wazee mnajua. Kwetu mbuzi hawahesabiwi, wala watoto; anayehesabu anaita kifo. Basi mwalimu amenikataa, mama amenikataa. Nilirudi shuleni nimenywea.

Lakini Mungu ni mwaminifu! Mwalimu Kinoti hakuniacha. Alinifundisha kuketi mahali pamoja na kutulia. Alinifundisha kwamba kilicho karibu ni kikubwa na hufunika kilicho nyuma yake, na kilicho mbali hupungua, hata kikiwa mlima. Kidogo kidogo jicho likakubali. Tena likatokea jambo ambalo sikulitarajia: nikishika penseli, ule woga uliokaa tumboni mwangu tangu siku aliyochukuliwa baba ulikuwa unalala. Nilikuwa kijana wa kushtuka mlango ukigongwa. Kwenye kuchora nilipata mahali pa kupumulia. Nikatoka mkiani, nikapanda, mpaka wenzangu wakawa wanakuja kuniuliza mimi.

Mwaka wa mwisho tukapewa kazi ya likizo: chora nyumbani kwenu, wewe ukiwa umeketi mlangoni. Nikachukua kigoda cha mama. Kilikuwa na mahali pake pale mlangoni, sakafu ya udongo imebonyea kwa miguu yake mitatu. Nikaketi, nikachora nilichokiona. Moshi wa majirani, kipande cha mtaro na vijiti vyake, ncha ya bendera ya kituo cha mahomugadi. Katikati, kubwa kuliko vyote, nyumba ya jirani yetu Mama Karimi. Mbuzi walikuwa nyuma ya ghala, kwa hiyo sikuwachora. Mama akachungulia begani mwangu, akaridhika. "Hapo sasa. Hata mtu akiuliza, karatasi haina la kusema."

Ndugu zangu, nilikuwa bado nimeketi pale mkubwa wa mahomugadi alipopita akikagua nyumba. Akainyakua karatasi. Akaona mtaro. Akaona bendera. "Ramani! Unawachorea watu wa msituni ramani!"

Nilijaribu kusema ni kazi ya shule. Nani asikie? Nikafungwa mikono, nikapelekwa kituoni. Mnajua siku zile watu walinyongwa kwa vitu vidogo kuliko hicho. Niliketi kwenye sakafu ya kituo nikimfikiria mama. Mume amechukuliwa, na sasa mtoto. Niliomba, lakini maombi yenyewe hayakuwa na maneno. Nilisema tu, "Mungu, unaona. Mungu, unaona."

Asubuhi akaja afisa wa tarafa, Mzungu mrefu aliyejua Kiswahili. Wakanirudisha nyumbani mikono ikiwa imefungwa, ili watafute karatasi nyingine. Mahomugadi wakaingia ndani wakapekua hata nyasi za paa. Afisa akabaki amesimama nje, ameshika mchoro wangu, uso umekunjamana. 

Ndipo mama akatoka na kigoda chake. Hakulia, hakuomba. Akakiweka mlangoni, miguu mitatu ikaingia kwenye mashimo yake, akasema kwa Kiembu, "Mwambie aketi. Mgeni hasimami mlangoni kwangu."

Mkubwa wa mahomugadi akacheka. "Mama, huyu si mgeni wako."

"Amefika kwangu. Basi ni mgeni."

Nikatafsiri. Afisa akamtazama mama, akatazama kigoda. Labda alichoka, labda aliona haya. Mimi nasema ni mkono wa Bwana. Akaketi.

 Akainua karatasi mbele ya uso wake, akafumba jicho moja. Akaishusha, akatazama kijiji, akaiinua tena.

"Daraja liko wapi?" akaniuliza.

"Halionekani, bwana. Liko nyuma ya nyumba ya Mama Karimi."

"Na mlango wa kituo?"

"Nyuma ya nyumba hiyo hiyo."

Akasimama, akaliona daraja. Akaketi, likapotea. Akasimama tena, akaketi tena, mtu mzima na kofia yake! Mwisho akamgeukia mkubwa wa mahomugadi. "Hii si ramani. Mtu akifuata karatasi hii ataingia jikoni kwa Mama Karimi. Mfungue kijana."

Haleluya! Kamba ikatoka. Nilikaa chini kwenye vumbi nikalia kama mtoto mchanga. Mama akaninywesha uji, akauchukua ule mchoro, akaunyoosha vizuri kwa kiganja kile kile. "Upeleke kwa mwalimu wako," akasema. "Na umwambie asante."

Ndugu zangu, hebu fikirini. Ningekuwa yule Njeru wa kidato cha kwanza, ningechora daraja, ningechora mlango, ningechora mahomugadi wote na bunduki zao, kwa sababu nilijua vyote viko. Ile ingekuwa ramani kweli! Nisingekuwa hapa. Ile kalamu nyekundu iliyoniliza, kumbe Mungu alikuwa ameanza kuniokoa kabla sijaingia shimoni. Na alimaliza kwa kigoda cha mjane ambaye hakuwa mjane, kwa maana baba alirudi! Alirudi mwembamba, ndevu nyeupe, akavuka lile daraja mchana kweupe, na mama akamwekea kigoda mlangoni.

Namshukuru Mungu kwa ajili ya mwalimu Kinoti na kikohozi chake. Namshukuru kwa mama aliyemkaribisha adui akaketi. Na wewe ndugu, dada, uliyekuja leo na mzigo, nakusihi umtegemee Bwana huyu. Pale ulipoketi unaona mtaro, unaona vijiti, unaona nyumba ya jirani imeziba kila kitu. Usiseme hakuna njia. Mimi niliketi kwenye mlango huo, na daraja lilikuwapo wakati wote.