Ufunguo wa Ukumbi wa Shule

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga. Mimi ninayesoma wasifu huu ni mdogo wake, kitinda mimba. Aliniagiza nisome upesi na nisimpambe.

Alisoma shule ya msingi iliyo karibu na mto, kisha sekondari ya wasichana aliyomaliza mwaka 1979. Cheti chake kinasema, "Ana bidii, ila anapenda kuamrisha." Hakubadilika.

Mwaka 1983 aliajiriwa kuwa karani wa halmashauri. Tarehe 2 Mei 1997 mto ulifurika, watu wakakimbilia ukumbi wa shule, wakakuta kufuli. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa bwana stoo, na bwana stoo alikuwa harusini. Viongozi walikuwa kikaoni wakisubiri kibali kutoka juu. Watu wanne walifia mlangoni. Dada ndiye aliyeandika majina yao.

Alirudi darasani kusomea masuala ya maafa, na kwa miaka ishirini na mitatu akawafundisha madiwani, watendaji wa kata na wenyeviti. Aliwapigia simu bila taarifa, hata wakiwa kwa kinyozi: "Maji yamefika darajani. Ufunguo uko kwa nani?" Aliyejibu "kwa bwana stoo" alirudia mafunzo tangu siku ya kwanza. Mwishowe viongozi watano walitembea na ufunguo shingoni, na mfukoni karatasi moja inayosema maji yakifika wapi, wafanye nini.

Alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi umeme, tarehe 14 Desemba 1985. Nyumbani kwao angeweza kugonga sufuria katikati ya chakula na kupiga kelele, "Moto!" Watoto walitoka mbio. Shemeji alitoka na sahani yake kila mara, na kila mara alipewa sifuri.

Agosti 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Ijumaa, tarehe 5 Aprili 2024, saa saba mchana, nilikuwa naye wodini mwenyekiti wa halmashauri alipopiga simu. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Mwaka uliotangulia mwenyekiti huyo alipiga king'ora, maji hayakuja, akachekwa mji mzima. Uchaguzi nao ulikuwa unakaribia. Niliweka simu kwenye spika.

"Mama, nipige king'ora au nisubiri kwanza?"

"Kipimo cha darajani kinasoma ngapi?"

"Mita nne na nusu."

"Karatasi yako inasemaje?"

"Inasema nne na nusu, watu watoke."

"Sasa mimi unaniuliza nini?"

Akaniashiria nikate, nikakata. Mke wangu na wanangu watatu walikuwa nyumbani, mitaa ya chini. Nilimpigia mke wangu mara sita, simu haikupatikana. Nikamfokea dada.

"Si ungemwambia tu apige! Wanangu wako kule!"

"Nikimwambia leo, mwezi ujao atamuuliza nani?"

Akageukia dirishani. Akaniambia nilifungue, tusikie king'ora. Dakika zile nilimchukia, nasema wazi mbele ya jeneza lake. Dakika ya tano king'ora kikalia. Saa nane kasorobo maji yaliingia mitaa ya chini, yakakuta nyumba tupu. Ukumbi ulikuwa wazi.

Jioni mwenyekiti alikuja wodini na matope hadi magotini. Dada alimuuliza alitumia muda gani kuamua. Akasema dakika tano.

"Nyingi," dada akamjibu, halafu akamshika mkono na hakuuachia mpaka usingizi ulipomchukua.

Alifariki Jumatano, tarehe 17 Aprili 2024, saa tatu asubuhi.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu wanne na mdogo wake mmoja. Ameacha pia mke wangu na wanangu watatu, wameketi pale mstari wa pili, wote. Sikupata kumwomba radhi kwa kumfokea. Naiomba sasa.

Pumzika kwa amani, dada. Ufunguo tunao.