Tukikosea, Tutajuaje? Miaka Thelathini na Mitatu ya Bi Ukurasa

Ijumaa tarehe 30 mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, mchumi mwandamizi wa Idara yetu ya Mipango na Sera anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Miezi hiyo minne ameidai mwenyewe. Nilipomwonyesha rasimu iliyosema "takriban miaka thelathini na mitatu", alilizungushia neno la kwanza duara jekundu, akanirudishia karatasi. Kwa hiyo msomaji ajue kwamba yaliyomo humu yamekaguliwa, na sifa nyingi zimekatwa.

Kwenye faili la utumishi ana jina refu la heshima. Koridoni tunamwita Bi Ukurasa, naye huitika.

Alianzia ghorofa ya chini, kwenye chumba cha takwimu, ambako dirisha linatazama ukuta na feni inazunguka inapojisikia. Humo ndimo alimojifunza, asemavyo, kwamba Bwana Wastani hajawahi kupanda ngazi zetu kuja kulalamika. Wanaopanda ni watu.

Alipopewa kitengo cha elimu na ajira, ghorofa ya tatu, alileta sharti ambalo halikuwamo katika kanuni yoyote. Kila pendekezo la sera liwe na ukurasa wa mwisho wenye swali moja: Tukikosea, tutajuaje? Chini yake mwandishi aeleze, kwa maneno ya kawaida, nani ataumia, dalili gani itaonekana, na lini. Ukurasa huo hupelekwa kwanza kwa tarishi wetu, mzee asiyependa kupotezewa muda. Akiuliza, "Sasa hapa mnasemaje?" unaandikwa upya. Wangu uliwahi kurudi mara nne. Mara ya tano alinihurumia, akapiga mstari chini ya sentensi moja na kusema hiyo angalau inapumua.

Nilikuja hapa na digrii mbili na tai mpya. Katika pendekezo langu la kwanza nilijibu lile swali kwamba uchambuzi umefanywa kwa kina, hivyo hakuna uwezekano wa kukosea. Lilirudi na maandishi mekundu: "Mwanangu, hii si sera, ni dua. Itikia amina, kisha uandike upya." Kesho yake maandishi hayo yalikuwa yamebandikwa kwenye mlango wa chumba cha chai. Aliyeyabandika hajapatikana mpaka leo, ingawa tarishi hushikwa na kikohozi kila nikiuliza.

Miaka kumi na sita iliyopita zamu ya kujibu ilimfikia yeye. Alikuwa ameandika sera ya kuunganisha madarasa ya ufundi ya jioni. Yalikuwa tisa, yametawanyika mitaani, wanafunzi wakigombea cherehani chakavu. Alipendekeza chuo kimoja kikubwa chenye mashine mpya. Hesabu zilikaa sawa, mkurugenzi wa wakati huo akafurahi, utepe ukakatwa, picha ikatundikwa mapokezi. Kwenye ukurasa wa mwisho Bi Ukurasa aliandika: "Baada ya mihula miwili, wanawake wanaohudhuria wakipungua chini ya nusu ya waliokuwapo, tumekosea, na wa kuulizwa ni mimi."

Mihula miwili ikapita, nikatumwa kuhesabu. Nilikuta mashine sitini zinang'aa na wanafunzi kumi na tisa. Waliokosekana walikuwa kina mama ambao zamani walifika darasa la mtaani kwa miguu wakitoka kazini. Chuo kiliwataka wapande magari mawili kwenda na mawili kurudi, huku nyumbani watoto wanasubiri kula.

Wakati wenyewe ulikuwa mbaya kuliko habari. Wiki hiyo hiyo jina lake lilikuwa limependekezwa kwa cheo cha naibu mkurugenzi, kimebaki kikao kimoja tu cha kuthibitisha. Mdogo wake, ambaye ni msusi, alishatangazia mtaa mzima, na wateja waliambiwa wakae vizuri kwani wanasukwa na ndugu wa naibu mkurugenzi. Mkurugenzi alishauri taarifa ingoje muhula mmoja zaidi. Mimi, nakiri kwa aibu, nilikuja na ujanja uliozidi wa mkurugenzi: tuhesabu waliojiandikisha, tuachane na wanaohudhuria. Waliojiandikisha walikuwa tele.

Alinitazama juu ya miwani. "Mwanangu, waliojiandikisha hawashoni."

Akaingia kikaoni na karatasi moja. Alisoma alichokiandika mwenyewe, akasoma idadi niliyomletea, akasema sera ni yake na imeshindwa. Akaomba madarasa tisa yafunguliwe tena na mashine zigawanywe.

Madarasa yalifunguliwa. Cheo kilikwenda kwa mwingine, na yeye akarudishwa ghorofa ya chini, kwa ile feni, miaka miwili. Mdogo wake hakumlaumu kwa neno hata moja. Alimsuka tu, akakaza nywele kiasi kwamba kwa siku tatu Bi Ukurasa alionekana kama mtu aliyeshtushwa na habari za uchumi.

Naibu mkurugenzi hakuwa kamwe. Alipopandishwa tena ghorofa ya tatu, madarasa yale yalikuwa yamejaa hadi mlangoni. Hupenda kusema kwamba shule si jengo, ni saa ambayo mtu anaweza kufika. Na kuhusu uongozi husema kwamba mkubwa asiyeweza kutamka "nilikosea" mbele ya wadogo zake atalirudia kosa mwakani, kwa jina jipya na utepe mwingine.

Mwezi uliopita mkurugenzi wa sasa aliuingiza ukurasa wa mwisho katika kanuni za Idara. Bi Ukurasa alipoombwa maoni, aliuliza kanuni yenyewe mbona haina ukurasa wake.

Jioni zake hazitakuwa tupu. Tangu muhula huu amejiandikisha, na anahudhuria, katika darasa la ushonaji lililo hatua mia tatu kutoka kwake, mojawapo ya yale tisa. Sketi yake ya kwanza tumeiona: mfuko mmoja unaingia mkono mzima, mwingine unaingia kidole. Mwalimu wake, ambaye ni rika la binti yake, ameturuhusu tuchapishe ripoti ya nusu muhula: "Anabishana sana. Lakini akionyeshwa mshono uliopinda, hufumua mwenyewe, hangoji kuambiwa mara ya pili."

Sisi wa Idara hatukupata cha kuongeza. Asante, Bi Ukurasa. Tunakutakia jioni ndefu, macho ya kutunga uzi bila kuomba msaada, na maisha mema tele.