Edinah Nanyama Khisa, Sauti ya Saa ya Chakula (1968–2009)

Edinah Nanyama alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 karibu na Kimilili, binti wa tatu wa Mzee Mukhisa na Mama Nasimiyu. Baba yake hakuachana na redio hata akipalilia mahindi, na Edinah alipenda kusema kwamba alijua gitaa kabla ya kujua uji.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1985, akasomea uhazili mjini Bungoma. Tarehe 8 Desemba 1990 alifunga ndoa kanisani na Mwalimu Jairus Khisa wa Kiminini. Walikuwa wamekutana kwenye harusi ya watu wengine, wakibishana ni bendi gani ina mpiga gitaa la solo bora. Ubishi huo haukuisha mpaka kifo.

Mwaka 2003 mfanyabiashara Bwana Lalit alifungua saiba, yaani duka la intaneti, mjini Kitale, akamwajiri Edinah kuisimamia. Mwaka uliofuata akaanzisha blogu yake, akiandika kila saa ya chakula. Leo aliuchambua ubepari, kesho rumba, kesho kutwa mitindo ya nywele ya waimbaji. Aliwahi kuandika kwamba bendi ndiyo chama cha wafanyakazi cha kweli, kwa sababu mpiga ngoma wa nyuma akigoma, hata mwimbaji hana la kusema. Mama mkwe wake alimuuliza, "Ati unaandika balua bila stempu? Itafika wapi?" Edinah akacheka. "Mama, itafika tu."

Na ilifika. Mwaka 2006 alikwenda kwenye ghala moja eneo la Kwanza, nje ya mji wa Kitale, akaona akina mama wakichambua mbegu zenye dawa kwa mikono mitupu, ngozi ikiwabambuka. Aliandika alichokiona. Mwenye ghala alikuja saiba akiwa amewaka hasira.

"Dada Edinah," Bwana Lalit akasihi, "huyu ni mteja wangu mkubwa. Futa hiyo kitu."

"Bwana Lalit, saiba ni yako na kiti ni chako. Lakini hayo maneno ni ya mikono ya wale akina mama. Mimi sifuti."

Edinah hakuinuka kitini. Bwana Lalit akamgeukia mwenye ghala. "Mzee, si ununue tu glavu?"

Baada ya wiki tatu glavu zilifika, na maji na sabuni pia.

Januari 2008 aligunduliwa kuwa na saratani ya matiti. Hata wodini aliendelea kuandika, akidai wauguzi wa zamu wanastahili kiti kizuri kuliko cha mkurugenzi. Alitutoka asubuhi ya tarehe 11 Agosti 2009, akiwa na miaka arobaini na mmoja.

Kesho yake Mwalimu Jairus, ambaye hakuwa amegusa kompyuta maishani, aliketi pale saiba akaandika kwa kidole kimoja: "Edinah alitutoka jana. Asanteni kwa kumsikiliza." Kufikia jioni rambirambi zilikuwa zimemiminika kutoka Mombasa, Kisumu, hata Kanada, nyingi za watu ambao Edinah hakuwahi kuwaona kwa macho.

Ameacha mume wake Jairus, watoto wao Roselyne na Tonny, mama yake Nasimiyu, mama mkwe wake, na ndugu na dada wanne.

Tulijivunia kuwa naye, na tunajivunia kumsindikiza. Pumzika kwa amani, Edinah wetu.