Mguu wa Kulia wa Casimir Dombek Wastaafu

Baada ya kuitumikia timu yetu ya futiboli ya Kimarekani, Nyigu wa Erie, kwa misimu kumi na saba, Bwana Casimir Dombek anastaafu rasmi tarehe 31 Januari. Wachezaji wenzake wamesisitiza niandike kwamba anayestaafu hasa ni mguu wake wa kulia, kwa kuwa viungo vyake vingine havikuwahi kuajiriwa. Nimeandika, ili wasiendelee kunisumbua. Mimi ni Doreen Pasko wa chumba cha vifaa. Ndimi niliyemfulia jezi miaka yote hiyo, na ninayo ya kwangu ya kusema.

Kazi ya Casimir ilikuwa kuingia uwanjani wenzake wakishachoka kugongana, kuupiga mpira upite katikati ya milingoti miwili, kisha kutoka. Ukipita, pointi tatu. Usipopita, mji mzima unakosa hamu ya kula. Mechi huchukua alasiri nzima, lakini ukijumlisha muda wake wa kufanya kazi, hautoshi hata kuchemsha yai. Muda uliobaki alikaa kwenye benchi amejifunika blanketi, na kila aliyepita mbele yake akivuja damu alimuuliza kama anasikia baridi.

Alizaliwa hapa hapa Erie, mtaa wa mashariki, akakulia katika bucha ya mjomba wake Stan, inayouza soseji za Kipolandi. Alichezea timu ya soka ya parokia. Siku klabu ilipotangaza majaribio ya wazi alikuja na aproni bado kiunoni, na Kocha Burt Haskell, ambaye hakuwa mtu wa subira, akamwita pembeni.

"Umewahi kucheza mchezo huu?"

"Hapana, kocha."

"Umewahi hata kuutazama?"

"Mama huutazama. Mimi huwa nampelekea soseji."

Kocha akashusha pumzi na kumwambia apige mpira mmoja, kisha arudi buchani kwake. Casimir akapiga. Mpira ulipita katikati ya milingoti, ukavuka uzio, ukaingia kwenye maegesho na kupasua kioo cha mbele cha gari la Kocha Haskell. Kocha akalitazama gari, akamtazama kijana, akalitazama tena gari.

"Mpeni mkataba," alisema, "kabla sijakasirika."

Msimu wake wa kwanza tulikosana kidogo. Baada ya mechi moja niliikuta jezi yake nyeupe pee, nikadhani hakucheza, nikaikunja na kuirudisha kabatini. Siku ya pili akaja nayo mkononi.

"Dada Doreen, hii hukuifua."

"Ina uchafu gani?"

Akaigeuza mbele na nyuma, akaipekua kama anayetafuta chawa. "Hapa," alisema hatimaye. "Haradali."

Mpigaji hafanyi kazi peke yake. Yupo mtu anayepiga goti na kuushika mpira usimame wima, naye alikuwa Terrell Gaines, mshikaji wa Casimir kwa maana zote mbili za neno. Mbele yao husimama majitu ya kuwazuia wapinzani, na jitu letu kuu lilikuwa Odell Fontenot, mtu wa Louisiana ambaye mlango wa chumba changu huupita kwa ubavu. Odell alimlinda Casimir kwa mwili wake wote na kumtania kwa pumzi zote zilizobaki. Alimwita kibarua. Alimwita mgeni rasmi. Wakati mwingine alimwuliza mbele ya watu kama amelipa kiingilio.

Basi waliishi hivyo, vizuri tu, mpaka nusu fainali ya msimu wa tisa.

Tulikuwa nyumbani, theluji inaanguka, upepo wa ziwani unavuma, tuko nyuma kwa pointi mbili na saa inaisha. Umbali ulikuwa mdogo, wa kumpa mtu usingizi. Casimir akapiga. Mpira ukagonga mlingoti wa kulia, ukarudi uwanjani, ukalala kwenye theluji. Uwanja uliojaa watu ukanyamaza kiasi kwamba nilimsikia muuza soseji, ghorofa ya juu, akisema "basi" na kufunga sanduku lake.

Wiki ile mji ulimnunia. Alikwenda kununua maandazi ya jamu kwa Bi Halina, anakonunua tangu utotoni.

"Yameisha," alisema Bi Halina, na trei inafuka moshi mbele yake.

"Na haya je?"

"Haya ni ya watu wanaolenga."

Kwenye redio walimsema asubuhi na jioni. Siku ya tatu mama yake, Bi Wanda Dombek, akapiga simu studioni. "Mimi ni mama yake Casimir," alisema, "na nataka watu waache kumwandama mwanangu. Ni mtu mwema, halewi, na Jumapili hakosi kanisani."

"Tumekuelewa, mama," alijibu mtangazaji.

"Ila Casimir, kama unanisikia, uliinua kichwa mapema. Nimekuambia tangu ukiwa mdogo."

Casimir alikuwa anamsikia vizuri. Mama alikuwa anapiga simu akiwa jikoni kwa Casimir, na mwana mwenyewe ameketi pale mezani anakunywa supu.

Lakini utani una mwisho wake. Casimir alirudi buchani, akavaa aproni, akamwambia mjomba Stan kwamba uwanjani harudi. Hakupokea simu ya klabu. Mkewe Noreen alinieleza kwamba anamkuta amesimama sebuleni, amejishika kiuno, anaukodolea macho ukuta mtupu. Nilimwona mwenyewe nilipokwenda kununua nyama: mtu aliyekuwa akinisalimia kwa vicheko aliniuliza tu ninataka ratili ngapi.

Aliyemrudisha ni Terrell. Alikwenda pale buchani Jumamosi, akapanga foleni na akina mama wa mtaa, akasubiri zamu yake. Nilikuwa nyuma yake watu wawili, kwa hiyo haya sikuhadithiwa.

"Terrell, nenda nyumbani," alisema Casimir.

"Nimekuja kununua nyama, bwana. Kwani ulidhani nimekufuata wewe? Ratili mbili." Akangoja kidogo. "Odell amelia."

"Odell halii."

"Amelia. Anasema wakileta mpigaji mwingine itabidi aanze matusi mapya, na yeye hawezi tena kujifunza vitu."

Akina mama wakacheka. Casimir hakucheka. Aliweka kisu chini. "Kila nikifumba macho nausikia ule mlingoti," alisema. "Ule mlio. Nifanyeje, Terrell?"

"Na mimi nausikia," alijibu Terrell. "Mpira nilikuwa nimeushika mimi, au umesahau? Njoo tuusikie pamoja mazoezini. Ni afadhali kuliko kila mtu kwake."

Casimir akaangalia chini. Mjomba Stan akainua kichwa kwenye mizani.

"Mchukue," alimwambia Terrell. "Tangu arudi, soseji zangu zote anazikata mshazari."

Alirudi, lakini hakurudi kwenye kiti kilichomsubiri. Klabu ilikuwa imeshaita wapigaji wengine kuwajaribu, na Kocha Haskell alimwambia waziwazi kwamba kosa jingine moja litakuwa la mwisho. Tulijua hivyo sote tulipocheza na timu ya Scranton mwezi wa Oktoba, msimu uliofuata. Tuliongoza kwa pointi moja, dakika ya mwisho, mvua imeugeuza uwanja kuwa uji. Kocha akampeleka Casimir aongeze tatu.

Akapiga vizuri. Lakini mlinzi mmoja wa Scranton aliruka, mpira ukamgonga kiganjani na kudondoka, na mkimbiaji wao mwepesi kuliko wote akauokota na kutimua mbio kuelekea mstari wetu wa mwisho; akiuvuka, wameshinda. Terrell alikuwa bado amepiga goti. Odell alikuwa chini ya watu wanne. Kati ya mkimbiaji yule na ushindi wa Scranton alibaki mtu mmoja, naye alikuwa yule wa blanketi.

Casimir alikuwa amefundishwa kumwangusha mtu mara moja tu maishani, akateguka kidole. Nilimwona akitazama kushoto na kulia kutafuta mwenye kazi hiyo. Kisha akafumba macho, nasema kweli, akafumba, akajitupa. Aliambulia pindo la jezi. Yule mkimbiaji hakusimama. Alimburuta Casimir kwenye matope kama kopo lililofungwa nyuma ya gari la harusi. Lakini Casimir hakuachia. Kila hatua mwendo ukapungua, na pale ambapo ungeweza kuugusa mstari kwa mkono, wote wawili wakaanguka. Saa ikaisha. Tukashinda kwa ile ile pointi moja.

Odell alikuja mbio, akamnyanyua kwa mabega kama mtoto.

"Kibarua, umeangusha mtu."

"Mimi nilimshika tu," alisema Casimir, akitema majani. "Kuanguka ameanguka mwenyewe."

Kocha Haskell aliwafungisha virago wale wapigaji wa majaribio Jumatatu. Jezi ile Casimir aliniletea mwenyewe, ameibeba kwa mikono miwili kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Nikamwuliza kama ni haradali. "Tope," alijibu, na sijawahi kumwona mtu akilitamka neno hilo kwa fahari namna ile.

Yaliyofuata mnayajua. Alitupatia ubingwa msimu wa kumi na tatu kwa mpira wa yadi hamsini na mbili, ambao yeye mwenyewe hakuuona ukipita, kwa sababu alikuwa ameinamisha kichwa kama alivyoagizwa na mama. Hakuna aliyeifungia klabu hii pointi nyingi kuliko zake. Na hakuna mfanyakazi hapa, kuanzia wahasibu hadi wasukuma theluji, aliyepitisha Pasaka bila soseji za mjomba Stan.

Mechi yake ya mwisho ilikuwa mwanzoni mwa mwezi huu. Alipiga mara tatu, zikapita tatu, watu wakasimama kumpigia makofi. Hakuumia uwanjani. Aliumia chumba cha kubadilishia nguo, alipoinama kufungua kiatu: mgongo ukagoma, akabaki amejikunja, hawezi kwenda juu wala chini. Vijana wakaanza kucheka. Odell, ambaye siku hizi ni kocha msaidizi na magoti yake yanalia kama bawaba za mlango, akawasogeza, akashuka polepole mpaka sakafuni, akaanza kuzifungua zile kamba.

"Tulia, mzee," alisema. "Miaka yote nimesimama mbele yako, nimekupa mgongo. Huu mguu sijawahi kuuona kwa karibu."

"Unauonaje?"

Odell akavua kiatu, akavua soksi, akauweka ule mguu juu ya paja lake na kuutazama kwa muda.

"Mguu wa kawaida tu," alisema, na akaushika hivyo hivyo kwa mikono yote miwili, bila kuuachia.

Asante, Casimir. Kaa salama na Noreen na mama, na mgongo upone upesi. Chumba cha vifaa kiko wazi kwako siku yoyote, na kikombe chako cha kahawa sitampa mtu.