Verdell Mae Bratcher na Mtindo wa Kusugua Ngazi

Bibi yetu Verdell Mae alizaliwa tarehe 9 Machi 1941, Orangeburg, Karolina ya Kusini, mtoto wa pekee wa Amos na Luvenia Tolliver. Alikuwa na miaka mitano walipohamia Baltimore, kwenye nyumba yenye ngazi za marumaru zilizosuguliwa kila Jumamosi. Kusugua ilikuwa kazi yake. Redio ikiimba dirishani, alisugua kwa mdundo, mguu wa kushoto akiuburuta nyuma, ukichelewa kidogo. Watoto wa jirani wakamwiga. Ukawa mtindo wa kucheza.

Alimaliza shule Juni 1958. Miaka hiyo kengele ikilia vijana walikimbia nyumbani kuwahi kipindi cha dansi kwenye televisheni. Siku nyingi walicheza Wazungu; vijana weusi walikuwa na siku yao, moja kwa mwezi. Zamu ya Verdell ilipofika, mama yake alijaza majirani sebuleni. Kamera ikawaonyesha nyuso na mabega tu. "Miguu!" Luvenia akakigombeza kioo cha televisheni. "Mwanangu anacheza kwa miguu, nyie!" Wiki iliyofuata msichana wa Kizungu akaucheza mtindo uleule, akaonyeshwa mpaka viatu, na mtangazaji akaupa jina la msichana huyo. Mji mzima ukaucheza kwa jina hilo.

Bibi aliuza santuri dukani, Pennsylvania Avenue, miaka kumi na tisa. Wateja wengi hawakujua jina la wimbo; walicheza mbele ya kaunta walichokiona jana kwenye televisheni, naye Bibi akautambua wimbo. Muziki wa rokenroli uliingia hivyo katika nyumba nyingi za mji huu. Siku moja akaja msichana mwingine wa Kizungu, akacheza mbele ya kaunta.

"Nataka ule wanaouchezea hivi."

"Mguu wa kushoto unauwahisha, binti. Uache uchelewe. Hivi."

"Umejifunzia wapi?"

"Kwenye ngazi za mama."

Msichana akacheka, akidhani ni utani.

Tarehe 15 Juni 1963 aliolewa na Cleophus Bratcher, mfanyakazi wa kiwanda cha chuma. "Mume wangu hata miguu ni ya chuma," alisema, lakini hakuacha kumvuta jikoni wacheze.

Hakuwahi kudai kitu. Ila vipindi vya zamani vilipoonyeshwa, alizima sauti akatazama miguu tu.

Kisukari kilimpata mwaka 1998. Mwaka 2008 madaktari waliukata mguu wa kushoto. Alipozinduka akamwuliza binti yake, "Sasa nani atauchelewesha?" Baadaye alitufundisha wajukuu akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mwiko mkononi, akitugonga visigino: "Wewe! Una haraka ya kwenda wapi?" Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 2 Novemba 2011.

Ameacha mume, Cleophus, binti, Renetta, mwana, Alvin, na wajukuu watano. Leo jeneza likitoka kanisani, wajukuu tutalisindikiza kwa mtindo wake, na tutautaja kwa jina lake. Tunawaomba msitutazame usoni. Tazameni miguu.

Verdell Mae, pumzika kwa amani. Mguu wa kushoto hatutauwahisha.