Mama Mdogo wa Kreni Namba Saba Anateremka

Tarehe 30 Juni, baada ya kuitumikia karakana yetu ya meli kwa miaka thelathini na mitatu, Bi. Tak Ok-hui atateremka ngazi za Kreni Namba Saba kwa mara ya mwisho. Hapa kisiwani Geoje, Korea Kusini, hakuna anayemwita kwa jina hilo. Kwetu sote, kuanzia mkurugenzi hadi wapaka rangi, yeye ni Mama Mdogo.

Alianza kwa kufagia mabaki ya wachomeleaji. Alipoomba kujifunza kreni, msimamizi wa wakati huo alimwambia kwamba huko juu hakuna jiko. Akajibu kuwa ndiyo maana anapataka. Tangu hapo amenyanyua vipande vya meli vikubwa kuliko nyumba za ghorofa, na hajawahi kumkwaruza mtu. Kuimba kwenye redio ya mawasiliano ya kreni tu ndiko kulikomshinda, ingawa hakuacha kujaribu.

Pia ana jicho kali. Hakuwa mtazamaji wa video za ngono za mtandaoni, lakini alijua zipi zinavuma kwa kuangalia tu nani anaandamwa kazini. Zilipovuma za wauguzi, muuguzi wa zahanati yetu alikosa amani. Zikaja za kurekodi watu kwa siri, wanawake tukaanza kuziba matundu ya vyooni kwa karatasi. Kisha zikavuma za mafundi wa kike wenye ovaroli, na zamu ikanifikia mimi, Ok Da-jeong, ninayeandika haya, wakati huo mwanagenzi wake.

Mchana mmoja tulikuwa wawili juu ya kreni, mimi na Mama Mdogo, tukila wali wetu wa kuviringisha kwa mwani. Chini, mtoa ishara wetu anayetuongoza tunaponyanyua mizigo, Pyo Gang-seok, alikuwa amekalia kitufe cha redio yake bila kujua. Tukamsikia akiwaambia wenzake, "Yule mpya anajishaua tu. Si mmeona video? Wote huanza kwa kukataa." Wakacheka. Nikavua glavu. Nilikuwa nimeshaamua kwamba jioni ile narudi kwetu Sangju, nikakaushe matunda na baba.

Mama Mdogo alisubiri redio inyamaze, kisha akaita, "Gang-seok, njoo huku juu. Kwa miguu."

Alifika akihema, jasho likimtiririka. Mama Mdogo akampa maji kwanza, ndipo akamuuliza, "Mwanangu, yule mwanamke wa kwenye simu, akichoka husemaje?"

Kijana akafikiri. "Hachoki, Mama Mdogo."

"Huchoka. Ila hapo ndipo wanapoikata video. Huyu wetu hakatwi. Amechoka, na aliyemchosha ni wewe. Na baada ya chakula yeye ndiye atakayenyanyua chuma, wewe ukiwa chini."

Gang-seok aliniomba radhi huku akitazama viatu vyake. Sikumsamehe siku ile, na Mama Mdogo hakunilazimisha. Alisema simu imemfundisha kijana miaka mingi, haitamtoka kwa kupanda ngazi mara moja. Nikavaa glavu, kwa sababu mzigo ulikuwa unangoja.

Kweli haikumtoka upesi. Lakini wenzake walipofungua simu zao mapumzikoni, yeye ndiye aliyeanza kuwauliza, "Na hapo wamekata wapi?" Swali hilo limewaharibia wengi starehe. Video zipo bado. Vicheko ndivyo vilivyopungua.

Wiki iliyopita nilinyanyua sehemu ya mbele ya meli peke yangu kwa mara ya kwanza. Kabla ya kipande cha mwisho, redio ikakoroma. Alikuwa Gang-seok. "Dada Da-jeong, umechoka? Tupumzike kidogo?" Nikasema ndiyo. Wanaume wote wa zamu wakakaa chini wakanisubiri, na hakuna aliyecheka.

Mama Mdogo, asante kwa kreni, kwa wali, na kwa kunibakiza hapa. Ukaimbe sasa utakavyo, mbali na redio, na maisha ya nyumbani yakunyookee. Umechoka, na safari hii sote tumeona.