Mchoraji wa Mabango ya Afya: Maisha ya Hezron Ngatia wa Theuri, 1934–1984

Hezron Ngatia, tunayemzika leo hapa Wamagana, alizaliwa Mei 1934, mtoto wa tatu wa Theuri na Kabura. Alisoma katika shule ya misheni hadi darasa la sita. Walimu walimchapa kwa kuchora ng'ombe ukutani kwa makaa, ingawa ng'ombe hao walifanana sana na wa majirani hata wenyewe wakawa wanawatambua. Baada ya Hali ya Hatari alipata riziki kwa kuandika vibao vya maduka Karatina.

Tarehe 14 Aprili 1962 alimwoa Watiri wa Chaka kanisani. Watiri hakuwa amesoma, na marehemu alisema hilo halimsumbui. Walijaliwa watoto wawili: Theuri mwaka 1963, na Kabura mwaka 1968.

Mwaka 1964 ofisi ya afya mjini Nyeri ilimwajiri kuchora mabango ya kufundisha watu. Bango lake la kwanza lilikuwa la kunawa: mikono miwili mikubwa, sabuni na maji. Mikono iliishia kwenye vifundo. Lilipobandikwa sokoni Karatina, wanawake walipita mbali nalo. Alirudi nyumbani akamuuliza mkewe sababu.

"Hiyo mikono imekatwa na nani?" Watiri akamuuliza.

"Haijakatwa. Inanawa."

"Mwenyewe yuko wapi?"

Marehemu akacheka mpaka akakaa chini. Miaka mingi haikuwa imepita tangu Hali ya Hatari, askari wa mkoloni walipowakata mikono watu waliowaua, na watu wa hapa wakaonyeshwe mikono isiyo na wenyewe. Naye alijua, ila alikuwa akifikiria sabuni. Tangu siku hiyo alichora mtu mzima, kutoka kichwani hadi nyayoni, na kila bango alimwonyesha mkewe kabla halijapelekwa kwa mpiga chapa. Asipolielewa bila kuambiwa, alilichora upya. Alisema bango moja ni la jambo moja, na uso uwe wa mtu anayeweza kuwa jirani yako. Ndiyo maana bango la kuchimba choo lina uso wa ndugu yake Kihara, ambaye alikaa mwezi mzima bila kumsalimu.

Machi 1971 Kabura aliugua surua. Jumanne tarehe 9 Watiri alimtuma jirani yake Wachuka, aliyekuwa akienda Nyeri, ampelekee marehemu habari. Wachuka alirudi jioni ile.

"Baba Theuri anasema ungoje Ijumaa," alisema. "Atakuja na gari ya ofisi, mtoto asinyeshewe."

Watiri alingoja. Kabura alifariki Alhamisi tarehe 11, saa nne asubuhi.

Agosti mwaka huo lilitoka bango la surua. Hili pekee marehemu hakumwonyesha mkewe. Watiri aliliona Karatina, kwenye mlango wa Bipin muuza vitambaa.

"Mama Theuri, huyu si ni wewe?" Bipin akamuuliza.

"Ni mimi. Imeandikwa nini?"

Bipin alikunja kwanza kitambaa alichokuwa ameshika. "Imeandikwa, 'Alingoja mno.'"

Mwanamke ameketi mlangoni, mtoto mgonjwa mapajani, na nyuma yao njia ya kwenda zahanati haina mtu. Kitambaa cha kichwani kilikuwa cha Watiri, na kovu la juu ya jicho pia. Bango hilo lilibandikwa kuanzia Karatina hadi Chaka, mpaka kwenye zahanati ya kwao alikozaliwa.

Lilifanya kazi, na ni haki hilo lisemwe. Wauguzi walisema kina mama waliokuwa wakificha watoto wa surua nyumbani walianza kuwaleta mapema, na wako watoto wanaoishi leo kwa sababu yake. Ni kweli pia kwamba sokoni watu waliacha kumpa Watiri watoto wao awashikie.

"Usimpe huyo," mmoja alisema huku akicheka. "Atakuambia ungoje."

Watiri alimuuliza mumewe, "Baba Theuri, aliyesema ningoje, uso wake uko wapi?"

"Bango moja, jambo moja," marehemu alijibu. "Nikiweka watu wawili, hawatajua wamwangalie nani."

Alipewa barua ya pongezi, kisha chumba mjini Nyeri. Mwanzoni alikuja nyumbani kila mwisho wa mwezi, baadaye Krismasi tu. Theuri alienda shule ya bweni. Watiri alichuma majani ya chai na kula peke yake kwa miaka mingi. Mwaka 1979 aliingia darasa la watu wazima, na maneno haya ameyaandika kwa mkono wake.

Marehemu alianza kuugua kifua mwaka 1983. Mei mwaka huu alirudi Wamagana, na mkewe akamtunza. Mwezi wa Julai aliomba penseli. Alichora mwanamume nyuma ya meza, ameinua mkono, akamwonyesha mkewe.

"Unaona nini?"

"Mtu anasalimia."

"Anamwambia mke wake angoje."

"Hilo halionekani."

Alichora tena na tena. Mara ya nne hakumaliza. Mkono ulikuwa umechoka.

"Basi litasemwa," alisema. "Utalisema wewe."

Alifariki Jumapili, tarehe 12 Agosti 1984, saa nane mchana, nyumbani kwake. Shemeji Kihara aliomba habari ya bango iachwe nje ya karatasi hii. Imebaki.

Marehemu ameacha mkewe Watiri, mwanawe Theuri na ndugu yake Kihara. Binti yake Kabura alimtangulia. Mama wa mtoto huyo hakumchelewesha kwa uvivu wala kwa ujinga. Baba yake alisema wangoje, na mama akatii.

Baba Theuri, nimelisema. Sasa lala, Mungu akupe amani.